Boa mchanga aliyeungua tumbo huku akisumbuliwa na baridi: uchambuzi wa kisa

Mwenye boa huyu alinitafuta akiwa na swali moja: amlishe lini tena? Nyoka wake alikuwa ametapika mara mbili ndani ya wiki moja, na kila alipomtazama aliona mbavu zinaanza kujichora. "Kaka, amekonda mno, naogopa atakufa na njaa," aliniandikia. Nilimjibu asimpe kitu chochote isipokuwa maji safi, asimshike, na anitumie picha za kizimba chote, hasa zile sehemu ambazo watu hawazipigi picha: nyaya zinapopita, chini ya matandiko, nyuma ya kioo. Baada ya kuziona nilikwenda mwenyewe na vipimo vyangu. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, nami nasimulia kwa urefu kwa sababu makosa yaliyomfikisha nyoka pale ni ya kawaida sana, na karibu yote yalifanywa na mtu aliyejitahidi kufuata maelekezo.

Huyu ni dume wa aina ya Boa imperator, spishi inayoishi kuanzia Meksiko hadi kaskazini-magharibi mwa Amerika Kusini. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi. Boa hawatagi mayai kama chatu. Huzaa watoto hai, na mtoto akishatoka huanza kujitegemea papo hapo, hana mzazi wa kumtafutia chakula. Kwa kuwa anajiweza tangu siku ya kwanza, ni rahisi kumfikiria kuwa mnyama mkubwa aliyepunguzwa tu kimo. Lakini mwili wa gramu sabini hauna akiba. Boa wa kilo kadhaa akitapika mara moja amepoteza mlo. Mtoto akitapika amepoteza mlo, maji, chumvi na asidi ya tumbo kwa mpigo, na akirudia mara ya tatu au ya nne anaweza kufa. Ndiyo maana sikulichukulia swali la "nimlishe lini" kama swali la ratiba.

Ilivyotokea

Aliponunuliwa alikuwa na gramu 72. Alifika jioni, na kesho yake akapewa panya aliyegandishwa akayeyushwa. Muuzaji alikuwa amesema unene wa panya ulingane na sehemu iliyo nene kuliko zote ya mwili wa nyoka. Ni kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi na haina ubaya. Shida yake ni kwamba inategemea jicho, na panya mwenye manyoya akiwa kiganjani huonekana mdogo. Tulipompima mwenziwe kutoka kwenye pakiti ileile, mizani ilisoma gramu 18. Hiyo ni robo ya uzito wa nyoka mwenyewe.

Boa alimeza bila shida. Kesho yake akatolewa kuonyeshwa kwa rafiki. Siku ya tatu panya akakutwa kwenye kona ya baridi, amelowa na ananuka. Bahati nzuri mwenye nyoka alipiga picha kabla ya kutupa, na picha ile ilinieleza mengi kuliko maneno yote. Nyoka kwa kawaida humeza panya kuanzia kichwani, kwa hiyo kichwa ndicho huanza kumeng'enywa. Katika picha, kichwa na mabega vilikuwa vimelainika na manyoya yamenyonyoka, lakini kuanzia kiunoni panya alikuwa mzima kabisa: manyoya, miguu ya nyuma, mkia. Ngozi ya tumbo lake ilikuwa imegeuka ya kijani na kutuna. Maana yake mmeng'enyo ulianza, ukakwama njiani, na kuoza kukauwahi.

Siku nne baada ya kutapika alipewa mwingine, wa gramu 10 hivi, kwa nia ya kufidia uliopotea. Huyo naye akarudi baada ya siku mbili. Hapo ndipo mwenye nyoka alipopandisha themostati (kifaa cha kudhibiti joto la kizimba) kutoka nyuzi 32 hadi 35, akiamini kwamba anamwongezea joto.

Nilichokuta kwenye kizimba

Kizimba kilikuwa cha kioo, urefu wa sentimita 90, kifuniko cha wavu mtupu. Mkeka wa umeme wa kutoa joto ulibandikwa chini ya kioo upande mmoja, ukichukua theluthi ya sakafu, na hapo hakukuwa na kosa. Ndani, juu ya kioo hicho, kulikuwa na matandiko ya makumbi ya nazi yenye kina cha sentimita 6. Themostati ilikuwa ile ya kuzungusha isiyo na skrini: unachagua namba unayoitaka, basi, haikuambii joto lililopo. Kihisio chake, yaani kile kijiwaya kinachoipimia joto, kilining'inia hewani, nusu ya kimo cha kizimba. Ukutani, juu kidogo ya matandiko upande wa mkeka, kulibandikwa kipimajoto cha mviringo chenye mshale. Kilisoma 30.

Kwa hiyo mwenye nyoka alikuwa na namba mbili za kutazama kila siku, 35 kwenye themostati na 30 ukutani, na zote zilimtuliza.

Nilipima kwa kipimajoto cha infraredi cha kulenga na kwa kile cha kidijitali chenye waya. Uso wa matandiko juu ya mkeka ulikuwa nyuzi 27. Hewa ya upande wa joto, 24. Upande wa baridi, 22. Kipimo nilichoacha mle usiku kucha kilishuka hadi 20. Kisha nikafukua matandiko mpaka kwenye kioo tupu, nikalenga: 46.

(Kwa anayetumia kipimajoto cha kulenga kwa mara ya kwanza: fungua kizimba kwanza. Ukilenga kupitia kioo utapata joto la kioo, na ukilenga kutoka mbali utapata wastani wa eneo zima, wakati unachotaka ni pale hasa nyoka anapolala.)

Tofauti hii kati ya 27 na 46, kwenye eneo lilelile, kwa sentimita sita tu, ndiyo iliyobeba kisa chote. Themostati ilikuwa imeamriwa ifikishe hewa nyuzi 32, baadaye 35. Mkeka wa chini hauwezi kupasha hewa ya kizimba kiasi hicho. Kazi yake ni kupasha kitu kilichogusana nao. Kihisio kikabaki kinapiga kelele kwamba ni baridi, themostati haikuzima mkeka hata dakika moja, na joto lote likanaswa chini ya matandiko mazito. Juu kukawa baridi, chini kukawa na moto. Kupandisha namba hadi 35 hakukubadili chochote, maana mkeka ulikuwa tayari unawaka mfululizo.

Nyoka naye alifanya kile ambacho silika ilimwamuru. Usiku ulipoingia baridi, alichimba kufuata joto. Nilipomgeuza taratibu niliona magamba ya tumboni, katikati ya mwili, yamebadilika: kingo zake zina rangi ya kutu, matatu yamekunjamana, na chini ya gamba moja kulikuwa na lengelenge dogo lenye maji maangavu. Mwenye nyoka alikuwa ameiona rangi ile akadhani ni uchafu wa makumbi.

Watu huuliza kwa nini nyoka asiondoke anapoungua. Reptilia hawaruki kutoka kwenye joto linalogusa tumbo kama mtu anavyorusha mkono kutoka jikoni. Nyoka mwenye baridi hung'ang'ania chanzo pekee cha joto alichonacho, na jeraha hutengenezwa polepole kwa saa nyingi. Ngozi ya binadamu yenyewe huungua ikigusana kwa saa kadhaa na kitu cha nyuzi 44 tu, joto ambalo ukiligusa kwa sekunde moja hulioni kuwa hatari. Kioo cha 46, usiku mzima, kwenye magamba membamba ya mtoto wa boa, kinatosha kabisa kuunguza.

Kwa nini baridi ilimrudisha panya

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayefuga boa alielewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tumbo la mnyama anayekula kila siku huwa na asidi wakati wote. Nyoka wa kundi hili, wanaokula mlo mmoja kisha wakakaa siku nyingi bila kitu, huzima mitambo yao ya mmeng'enyo baina ya milo ili kuokoa nguvu. Chatu wa Burma ndiye aliyechunguzwa zaidi: akiwa hajala, tumbo lake halina asidi ya maana, pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imeongezeka) iko karibu 7. Akimeza, hushuka hadi karibu 2 ndani ya siku moja, ukuta wa utumbo hunenepa, na moyo wenyewe huongezeka ukubwa. Kazi yote hiyo inaanza upya kila mlo, nayo inategemea joto la mwili, na joto la mwili wa nyoka linatoka nje. Hana tanuri ndani yake.

Sasa mweke nyoka huyo kwenye nyuzi 24 mchana na 20 usiku. Asidi inatengenezwa pole, vimeng'enya vinafanya kazi pole. Lakini bakteria waliomo ndani ya matumbo ya panya hawasubiri. Panya anaoza kutoka ndani wakati nyoka anajaribu kumyeyusha kutoka nje. Gesi inajaa, panya anavimba, na mwili unaamua kumtoa kabla sumu haijaenea. Kutapika kule kulikuwa kinga. Ubaya wake ni gharama: asidi na chumvi zilizotoka hazirudi kwa siku mbili tatu, koromeo na umio vimekwaruzwa na mzigo uliopita kinyumenyume, na vijidudu vya kawaida vya utumbo vimevurugika. Ndiyo sababu mlo wa pili, hata ungekuwa mdogo, usingekaa. Ulitumwa kwenye tumbo ambalo halijapona, kwenye baridi ileile.

Ukubwa wa panya wa kwanza ulizidisha tatizo, kwa sababu kitu kikubwa huchukua muda mrefu zaidi kupenywa na asidi mpaka katikati, na muda ndicho kitu ambacho baridi ilikuwa imekwisha kumnyang'anya. Kushikwa kesho yake kuliongeza msukosuko. Kulishwa kabla hajazoea makao mapya pia. Mimi humwacha mgeni siku saba kamili, ana maji na maficho, kabla ya kumpa chochote. Lakini ningelazimika kuchagua sababu moja, ningechagua joto bila kusita. Panya wa gramu 10 naye alirudi, na yeye hakuwa na sifa ya kuwa mkubwa kupita kiasi kama yule wa kwanza. Kilichobaki vilevile kati ya milo hiyo miwili ni kizimba.

Tuliyoyaondoa kwanza

Sikutaka kuegemea maelezo hayo kwa kuwa tu yananoga. Boa anayetapika anaweza kuwa na vimelea vya utumbo, na kuna kimelea kiitwacho Cryptosporidium ambacho huvimbisha ukuta wa tumbo la nyoka na kumfanya atapike kila mara. Kuna pia ugonjwa unaoogopwa zaidi na wafugaji wa boa, unaosababishwa na virusi vya kundi la reptarenavirus. Boa anaweza kukaa navyo muda mrefu bila dalili, kisha akaanza kutapika, kukonda, na kupoteza mwelekeo wa kichwa. Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu na reptilia. Alipapasa tumbo, hakukuwa na uvimbe. Alimgeuza chali, na nyoka akajigeuza mara moja, kwa nguvu. Hakukuwa na utitiri kuzunguka macho wala chini ya kidevu, mdomo ulikuwa safi, pumzi haikuwa na mlio wala mapovu. Kinyesi kilipimwa na hakikuonyesha vimelea. Kuhusu virusi, alipendekeza tusubiri: turekebishe joto, tumpumzishe, tumlishe kidogo, na akitapika tena katika hali sahihi, ndipo damu ichukuliwe. Niliona ni uamuzi wa busara. Kipimo cha damu kwa nyoka wa gramu 61, ambao ndio uzito wake siku ile, kina gharama kwa mwili wake pia.

Kwa kuungua alimpa krimu ya sulfadiazini ya fedha, ipakwe kidogo sana, na akaagiza matandiko yote yatoke, awekewe karatasi nyeupe za jikoni zinazobadilishwa kila siku mpaka magamba yakauke. Lengelenge lisipasuliwe. Kitu ambacho nakiomba kwa kila mtu: usimpake nyoka dawa ya maumivu uliyonunua kwa ajili ya binadamu. Baadhi ya hizo zina dawa ya ganzi ambayo kwa mwili mdogo kiasi hiki ni hatari.

Tulivyopanga joto upya

Mkeka ulibaki mahali pake. Kilichohama ni kihisio. Tulikiweka nje ya kizimba, kati ya mkeka na kioo, kikashikwa kwa utepe upande wa nje. Wapo wanaokiweka ndani, juu ya sakafu, na kinafanya kazi mpaka siku nyoka atakapokisukuma pembeni, kukimwagia maji au kukikojolea. Kihisio kikihamia upande wa baridi, themostati itawasha mkeka bila kikomo. Na utepe wa gundi usiingie kabisa ndani ya kizimba. Nimeona nyoka wachanga walionaswa nao, na ngozi hutoka pamoja na gundi.

Kwa kuwa kihisio sasa kinasoma joto la kioo upande wa nje, namba iliyo kwenye themostati haina maana yenyewe. Tuliizungusha kidogo kidogo, tukisubiri saa kadhaa kila mara, mpaka kipimajoto cha kulenga kikasoma 32 juu ya karatasi ndani ya maficho ya upande wa joto. Themostati ilikuwa imesimama kwenye 34. Nyingine ingesimama kwenye 33 au 37. Hilo halina shida. Tuliweka alama ya kalamu kwenye kitufe, na kipimajoto cha mshale tukakibandua tukakitupa.

Hapo tumbo la nyoka lilipata joto, lakini hewa ilikuwa bado baridi, na mkeka hausaidii hewa. Juu, upande uleule, tuliongeza kifaa cha seramiki kinachotoa joto bila mwanga, kikiwa na themostati yake peke yake, kihisio chake kikiwa hewani. Hapa sasa kihisio cha hewani kina kazi halali, maana kifaa chenyewe kinapasha hewa. Holda yake iwe ya seramiki, ya plastiki huyeyuka, na kifaa kizungushiwe kizimba cha waya ambacho nyoka hawezi kujipenyeza, kwa sababu uso wake ukiwaka huunguza papo kwa papo na boa mchanga hupanda popote. Robo tatu ya kifuniko cha wavu tuliifunika ili joto na unyevu visiruke.

Tulipata 29 hewani upande wa joto, 26 upande wa baridi, na usiku hakukushuka chini ya 25. Unyevu ukakaa asilimia 60 hivi. Maficho yakawa mawili, moja kila upande, yenye kubana; nyoka mwenye maficho upande mmoja tu hulazimika kuchagua kati ya usalama na joto, na mara nyingi huchagua usalama. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya reptilia sikuyafikiria hata kidogo.

Mfungo, kisha mlo

Jibu la swali la mwanzo lilikuwa siku 14, zikihesabiwa tangu alipotapika mara ya pili. Mwenye nyoka alipata shida na hilo, na ninamwelewa. Kukaa siku zote hizo ukimtazama mnyama aliyekonda, ukiwa na chakula kwenye friji, kunahitaji moyo. Nilimwomba ampime kila wiki kwa mizani ya kidijitali ya jikoni, akiwa ndani ya chombo chenye kifuniko, ili wasiwasi uwe na namba. Mfungo ulipoisha alikuwa na gramu 58. Alikunywa maji mara mbili mbele ya macho yetu, ncha za ulimi wake zikicheza juu ya bakuli kabla ya kuzamisha mdomo, na macho yalikuwa maangavu. Macho yangekuwa na ukungu wa buluu unaotangulia kujivua gamba, ningeongeza siku.

Mlo wa kwanza ulikuwa kitoto cha panya kisichoota manyoya, gramu 2.5. Haifiki hata asilimia 5 ya uzito wake. Manyoya na mifupa migumu huchelewesha mmeng'enyo, ndiyo sababu tulianza na asiye navyo. Tulimtoa kwenye barafu jioni, akalala ndani ya friji usiku kucha, kesho yake akiwa ndani ya mfuko uliofungwa akatiwa kwenye maji ya moto yanayovumilika mkononi mpaka akapata joto hadi katikati. Mbonyeze tumbo kwa kidole: ukihisi kiini kigumu au cha baridi, bado. Maikrowevu haitumiki; inapika sehemu moja na kupasua nyingine. Wala panya asiachwe kwenye meza mchana kutwa ayeyuke mwenyewe, kwa sababu bakteria wanaozaliana hapo ndio walewale wanaoshindana na tumbo la nyoka. Akikataliwa, atupwe, asirudishwe kwenye barafu. Vyombo vya kazi hii viwe vyake peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, panya na nyoka wote wanaweza kubeba bakteria wa Salmonella.

Tulimpa humo humo kizimbani. Wapo wanaomhamishia nyoka kwenye sanduku la kulia, lakini hapo unalazimika kumbeba akiwa ameshiba, na kwa boa huyu hilo lilikuwa la mwisho tunalolitaka. Taa zikapunguzwa, panya akashikwa kiunoni kwa koleo refu, kichwa kikielekea kwa nyoka. Boa hana vishimo vya kuhisi joto vinavyoonekana kwenye midomo kama chatu wengi, lakini magamba ya midomo yake huhisi joto vilevile, kwa hiyo panya aliyepoa nje huenda asimtambue. Alitazama kwa muda mrefu, ulimi ukatoka na kurudi, kisha akapiga.

Alipojikunja, tulivuta koleo kidogo mara mbili tatu kisha tukaacha. Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio zuri sana: waliwapa boa panya waliokufa wenye moyo wa bandia unaodunda, na boa waliendelea kubana kwa muda mrefu na kwa nguvu zaidi pale moyo ulipodunda, wakalegeza uliposimama. Boa anasikiliza mapigo ya anachokibana. Panya aliyegandishwa hana mapigo, na nyoka mchanga mwenye mashaka anaweza kumwachia mara moja. Mtikisiko mdogo unamsaidia kukamilisha kazi yake. Kwa mgonjwa usizidishe, nguvu zake ni za kumeng'enyea.

Baada ya hapo, saa 96 bila kuguswa. Hakuna kufungua kizimba isipokuwa kwa maji. Mwenye nyoka aliniambia hakulala vizuri usiku wa pili na wa tatu, maana hizo ndizo zilizokuwa siku za kutapika. Panya hakurudi. Siku ya nane kikatoka kinyesi kidogo cheusi chenye sehemu nyeupe ya urati (mkojo mkavu wa nyoka), na sidhani kama nimewahi kupokea picha ya kinyesi kwa furaha kubwa kiasi kile.

Mlo wa pili ulikuja siku 12 baada ya ule wa kwanza, gramu 2.5 tena. Sikukubali kuupandisha. Tumbo linaloshika mlo mmoja limefanya vizuri mara moja, basi. Wa tatu ulikuwa gramu 4, wa nne gramu 4, na kutoka hapo tukapanda taratibu hadi asilimia 8 hivi ya uzito wake, kila siku 12. Hapo ndipo nitakapombakiza kwa sasa. Boa wana mwendo wa pole kuliko nyoka wengi wanaofugwa na wanaishi miaka 20 hadi 30. Anayelishwa haraka ili akue haraka hujaza mafuta mwilini, na kwa mtoto kila mlo mkubwa ni nafasi nyingine ya kutapika.

Alipofikia

Miezi minne baada ya mfungo mizani ilisoma gramu 79. Hajatapika tena, kwa hiyo kipimo cha damu hakijachukuliwa. Daktari amesema akitapika hata mara moja bila sababu inayoonekana, kitachukuliwa, na mpaka hapo nyoka mwingine asiingizwe kwenye nyumba ile wala koleo lisitumike kwa mwingine. Jeraha lilipita vipindi viwili vya kujivua gamba. Kila mara ngozi ya zamani iling'ang'ania pale palipoungua, na mwenye nyoka alilazimika kumweka kwenye chombo chenye karatasi zenye unyevu vuguvugu ili ilainike yenyewe bila kuvutwa. Baada ya mara ya pili magamba yamefunga, ingawa mawili yamebaki yamepinda na yatabaki hivyo.

Matandiko ya makumbi yamerudi, safari hii kina cha sentimita 2 upande wa mkeka, na kabla hayajarudi tulipima tena joto chini yake na juu yake baada ya mkeka kuwaka siku nzima: 34 kwenye kioo, 31 juu. Sasa mwenye nyoka anapima sehemu zote nne nilizopima mwanzoni kila Jumapili na kuandika kwenye daftari, pamoja na uzito, ukubwa wa mlo na tarehe ya kinyesi. Majira ya baridi yakija chumba kitapoa na namba zitashuka, na tumekubaliana kwamba hewa ya upande wa joto ikishuka chini ya 27 na isirekebishike siku hiyohiyo, mlo wa zamu hiyo unaahirishwa.